Kamba Iliyokaa Juu ya Meko

Nilituma mtu mara tatu kwa mama mkwe kuifuata kamba yangu, na mara tatu alirudi mikono mitupu. Jibu lilikuwa lile lile: kamba ya mkwe hairudishwi na mtu wa njiani kama jembe la kuazima. Ataileta mwenyewe, siku ya kazi, mbele ya watu.

Mimi si mtu wa sherehe. Nilitaka kamba tu. Nilitaka nikae nayo nyuma ya nyumba, niipitishe mkononi pima kwa pima, niifungue misokoto nitazame ndani. Ndivyo nilivyofundishwa kwenye gati la Bukoba, nilipoacha shule darasa la tatu nikaenda kupakia mizigo ya meli. Serahangi wetu, mnyapara wa wapakizi, alikuwa Mjaluo wa Kisumu, jina lake Owuor, mwenye vidole saba. Alitembea na msumari wa mti mgumu, mnene kama kidole gumba, na kabla ya kazi yoyote aliuchomeka katikati ya misokoto ya kamba na kuitanua.

"Hii ya nje ni nguo tu," alikuwa akisema. "Mtazame aliyeivaa."

Alinifundisha pia hesabu moja, na ndiyo hesabu pekee niliyodumu nayo. Kamba ikatikayo kwenye tani tano, ipe tani moja. Hizo nne zilizobaki si za kuongezea mzigo. Ni za fundo, maana kila fundo hula nguvu. Ni za mvua, za jua, za mtu anayevuta kwa pupa, na za yale usiyoyajua. Owuor vidole vyake vitatu vilikwenda siku aliyoamriwa na nahodha atumie hizo nne.

Sasa ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, nimekwisha rudi kwetu Muleba, nina kibanja changu. Chama chetu cha wakulima wa kahawa kilikuwa kimenunua injini ya kukobolea, chuma kitupu, karibu tani moja. Palikuwa hapana mtu mwingine upande huu aliyewahi kunyanyua kitu kama hicho bila kuua mtu, kwa hiyo waliniita mimi.

Kazi yenyewe niliwaeleza wakubwa wa chama mapema. Tungesimamisha miti mitatu ya mkaratusi, tuifunge kileleni, tutundike kapi mbili, kila moja ina roda mbili, vigurudumu vya kupitishia kamba. Kamba ikipita humo inakuwa nyuzi nne, na kila uzi unabeba robo ya mzigo. Robo tani, na kidogo zaidi kwa ajili ya msuguano. Kamba yangu ni ya katani, unene wake ukiizungushia uzi ni inchi tatu. Ikiwa mpya hukatika kwenye tani mbili na nusu. Igawe kwa tano, unapata nusu tani. Tuko salama.

Mzee Ishengoma, mwenyekiti wa chama, aliyaandika hayo kwenye daftari lake. Nilijisikia mtu. Baadaye niliyajutia maneno hayo.

Jambo moja lilinisumbua tangu mwanzo. Injini ile ilikuwa ikae juu ya kitako cha saruji chenye boliti nne zilizosimama kama vidole. Matundu ya injini lazima yaingie kwenye boliti zote nne kwa mara moja. Kwa hiyo mtu lazima ashuke kwenye shimo la gurudumu kubwa, pembeni mwa kitako, aingize kichwa na mikono chini ya injini inayoning'inia, aongoze. Shimo lilikuwa jembamba. Mwembamba wa kutosha, na mwenye akili ya kutosha, alikuwa mmoja tu: Mujuni, ndugu wa mke wangu, mwana wa kiume pekee wa mama mkwe Kokubanza.

Siku ya kazi ilikuwa Ijumaa. Injini ililetwa na Dhirubhai, mwenye duka la vyuma Bukoba, kwa lori lake mwenyewe. Alikuwa hana raha. Mawingu yalikuwa yamepanda kutoka ziwani na barabara ile ikinyesha inakuwa uji.

"Bwana Ndyamukama, saa ngapi tunaanza?"

"Kamba ikifika."

"Kamba haipo? Mimi nimetoka na gari alfajiri, kamba haipo?"

"Iko njiani. Inaletwa na mama mkwe."

Alinitazama kama mtu anayetaniwa.

Walifika saa tatu. Kokubanza mbele, amevaa nguo yake nyeupe ya kwendea kanisani. Mujuni nyuma yake, amebeba kichwani mzigo uliozungushiwa majani makavu ya mgomba, umefungwa vizuri kama zawadi ya arusi. Wanawake wakapiga vigelegele.

Kwetu, mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hamtazamani usoni, na mkiwa na neno mnalipitisha kwa mtu mwingine. Miaka kumi na moja tangu nimwoe Kokuhirwa, mama yake hakuwahi kusema nami moja kwa moja. Alisimama hatua nne kutoka kwangu, akamgeukia binti yake.

"Mwambie mkwe, kamba yake sikuiacha chini. Panya hakuigusa, mchwa hakuigusa, mvua haikuigusa. Miezi minane imelala juu ya meko, pale ninapoweka mbegu zangu za maharage."

"Eee, waitu!" wakaitikia wanawake.

Nilisikia neno meko, nikaacha kusikia mengine.

Kila nyumba ya kwetu ina uchaga juu ya moto, na kila kitu cha thamani huwekwa huko. Mbegu, nyama, na zamani kamba za ngozi za kufungia ng'ombe. Moshi huikomaza ngozi. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Ngozi hupenda moshi, lakini katani si ngozi. Katani hukaa hai kwa mafuta yaliyo ndani ya nyuzi zake. Ikae miezi minane juu ya moto wa kupikia ebitoke, ndizi zetu, mchana na jioni, mafuta yote huondoka, nazo nyuzi zinakauka kutoka ndani kuja nje. Nje itabaki kuwa nzuri tu.

Nilimwazimisha kamba ile kuvutia mti ulioangukia jiko lake. Sikumwambia aiweke wapi.

Kokuhirwa alinisogezea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, alichotumwa na mama yake. Nilichukua punje mbili. Nilipokea mzigo kwa mikono miwili, nimeinama. Msumari wangu wa mti, kama ule wa Owuor, ulikuwa mfukoni. Kuutoa pale pale, na kuifungua kamba misokoto mbele ya macho yake, kungekuwa kama kupewa sahani ya chakula na mama mkwe ukaanza kuinusa.

"Mwambie Mae nashukuru sana," nilisema. Mae kwetu ni mama.

Sikuutoa.

Nilipoipitisha kwenye kapi nilijua. Ile kamba uzito wake begani nilikuwa naujua, na sasa ulikuwa umepungua. Ilikuwa ngumu kuipinda. Kamba nzuri hunuka mafuta. Hii ilinuka jiko. Nikajiambia, imekauka kidogo. Nikajiambia, ina nusu tani na mimi naipa robo. Nikazunguka miti mitatu, nikaikagua minyororo ya kufungia injini, nikarudi kwenye kapi, nikazunguka tena.

"Tuanze, tuanze," alisema Dhirubhai, akitazama juu.

Wanaume kumi na wawili walishika. Ishengoma akawa mwimbishaji. Injini ikanyanyuka kutoka kwenye lori, kidole, kiganja, mkono. Kamba ilikuwa inalia, na haukuwa ule mlio mnene wa kamba iliyo kazini. Ulikuwa mkavu, kama kuni zinazovunjwa mbali. Nilimpigia Dhirubhai ukelele aliondoe lori. Lori likatoka. Tukaishusha injini polepole juu ya magogo, ikakaa.

Watu walishangilia. Wanawake walipiga vigelegele tena, na Kokubanza, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka chini ya upenu wa ghala, aliinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesifiwa.

"Kamba nzuri!" Dhirubhai alisema. "Siku ukichoka nayo, nitafute mimi."

Nilikuwa naitazama mikono ya wavutaji. Viganja vyao vilikuwa na unga, wa rangi ya tumbaku. Nikaenda kwenye kapi. Unga ule ule ulikuwa umejaa kwenye mashavu ya roda. Ulikuwa unatoka ndani ya kamba.

Tuliisukuma injini juu ya magogo, tukaipitisha kwenye mbao nene zilizolazwa juu ya kitako, mpaka ikawa sawa na mahali pake. Tukahamisha miti mitatu juu yake. Iliyobaki ilikuwa kazi ndogo kwa macho: kuinyanyua kiganja kimoja, kuchomoa mbao, kuishusha kwenye boliti. Na Mujuni chini yake.

Alikuwa ameshavua shati.

"Ngoja," nilisema. "Mguu huu wa mti umezama."

Haukuwa umezama. Lakini nilitaka kitu cha kulaumu ambacho si kamba. Ishengoma aliwatuma vijana wawili, wakaleta jiwe bapa, wakauinua mguu, wakaliweka chini yake. Haikuchukua muda wa kuvuta sigara moja.

"Umekaa?"

"Umekaa. Mnyororo nao umejipinda."

Wakaunyoosha mnyororo.

"Na huu upepo?"

"Upepo gani?" Ishengoma aliuliza. "Ndyamukama, una nini leo? Unazunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Mvua ile pale. Injini ikilowa mtailipa nyinyi wawili, wewe na upepo wako."

Watu walicheka. Nilimvuta pembeni.

"Mzee, hatuwezi kuishusha bila mtu? Tuiongoze kwa miti kutoka huku?"

"Ipinde boliti? Si wewe uliyesema lazima mtu ashuke?"

"Nilisema."

"Na si wewe uliyesema kamba ina nusu tani na kila uzi robo?" Alilipiga daftari kwa kidole. "Nimeandika. Tena imeshaibeba mara moja, wote tumeona. Kama imebeba asubuhi, itashindwaje sasa?"

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote katika kazi ile, kwa sababu jibu lake halionekani. Kamba iliyokufa inaweza kubeba mara moja, hata mara tatu. Kila mara nyuzi kadhaa za ndani hukatika kimya na zilizobaki zinabebeshwa kazi yao. Kuibebesha si kuipima. Ni kuimaliza. Ningeweza kusema hivyo. Lakini ningeulizwa imekufa kwa nini, na jibu lilikuwa limeketi kwenye mkeka chini ya upenu.

"Ni woga wa uzee," nilisema, kama mjinga.

Mujuni alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia.

"Shemeji, usiogope. Shimo nimelichimba mwenyewe, nalijua. Dada ameshapika. Tumalize tukale."

"Usishuke bado."

"Nimeshashuka," alisema akicheka, akateleza ndani. Nikaona kichwa chake kikiingia chini ya chuma, kisha mikono yake miwili, viganja juu, vimetulia kando ya boliti.

"Shikeni!" Ishengoma alipiga kelele.

Wanaume kumi na wawili wakashika.

Panga la kukatia magogo lilikuwa limechomekwa kwenye kisiki. Sikumbuki kulifuata. Nakumbuka uzito wake mkononi. Kamba ilikuwa bado haijakaza, injini bado imekaa juu ya mbao. Niliikata kamba mara ya kwanza mbele ya wavutaji, wakarudi nyuma wote kwa pamoja, wawili wakakaa chini matopeni. Kisha nikaikata tena karibu na kapi, na mara ya tatu katikati, maana nawajua watu wangu. Wangeiunga kwa fundo.

"Umerogwa?" Ishengoma alisema.

"Amekata kamba ya mama mkwe!" alipiga kelele mwanamke mmoja. Kokuhirwa, mke wangu, alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mujuni alichomoza kutoka shimoni, vumbi usoni, akauliza kuna nini. Dhirubhai aliketi kwenye ngazi ya lori lake akashika kichwa.

Nilisimama na panga.

Kokubanza aliinuka kwenye mkeka. Hakumtazama binti yake. Alipita katikati ya wanaume, nao wakampisha, akaja mpaka miguuni pangu, karibu kuliko alivyowahi kuwa, akainama akaokota kipande cha kamba. Nilirudi nyuma hatua moja, kwa heshima. Yeye hakurudi.

Mama huyu amesuka mikeka na vikapu tangu utotoni. Vidole vyake havikuhitaji msumari wangu. Aliisokotoa kamba kinyume, misokoto mitatu ikaachana kwa urahisi. Nje zilikuwa nyuzi ndefu za rangi ya asali. Ndani zilikuwa fupi, za kahawia, zimelala kama nyasi iliyochomwa. Alikamata fungu moja kati ya vidole viwili akalivuta. Halikukatika, lilisagika tu. Alifikicha, akafungua kiganja, akatuonyesha unga.

"Nimeipika," alisema. "Nimeipika miezi minane."

Hakuna aliyecheka. Ishengoma alichukua kipande kingine, akavuta uzi mmoja wa ndani, ukakatika. Akavuta wa pili. Akakitupa chini, akalifunga daftari lake.

Kokubanza akaniinulia uso. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho yake. Nilitazama chini.

"Nitazame, mkwe."

Nikamtazama.

"Ulijua lini?"

"Mae, ni moshi tu, hukukusudia, nami nilikosa kukuambia..."

"Sikukuuliza habari za moshi. Nimekuuliza, ulijua lini?"

"Ulipotaja meko," nilisema. "Na nilipoishika, nikawa na hakika."

"Asubuhi."

"Asubuhi."

Aligeuka akamtazama Mujuni, aliyekuwa amesimama shimoni, limemfika kifuani, mikono juu ya saruji. Akanigeukia tena.

"Umesingizia mti. Umesingizia mnyororo. Umesingizia upepo, nimekusikia. Mwanangu akashuka humo ndani, nawe bado unatafuta kitu kingine cha kusingizia. Ili nisione haya?"

"Ndiyo, Mae."

"Heshima hiyo ungeniletea nyumbani pamoja na maiti?"

Owuor alinifundisha kuhesabu fundo, mvua na jua. Hakunifundisha kuhesabu hilo. Alikitupa kile kipande miguuni pangu, akarudi kwenye mkeka, akaketi akiupa mkutano wote mgongo.

Mvua ilinyesha. Tuliifunika injini kwa turubai la lori na majani ya mgomba, na mimi nikaondoka na Dhirubhai kwenda Bukoba. Njia nzima, kupita Kemondo mpaka mjini, hakuniambia neno ila moja: "Kule dukani nina kamba mpya ya manila, imefungwa bado." Lori liliteleza mara mbili. Sikuweza kukaa kitako. Kila lori liliporuka niliiona ile mikono miwili, viganja juu.

Tulirudi Jumamosi, saa nane. Kamba mpya ilikuwa kwenye gunia lake, inanuka mafuta, nzito begani. Watu walikuwa wachache safari hii, na hapakuwa na vigelegele. Mujuni alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo, shati amevaa. Kokubanza alikuwa amesimama mbele yake.

Nilianza kuipitisha kamba kwenye kapi.

"Lete," alisema.

Nilidhani anasema na mtu mwingine. Nikatazama nyuma.

"Wewe, mkwe. Lete hapa. Na huo mti wako wa mfukoni."

Nilimpa kamba, nikampa msumari. Aliketi chini, akaanza kwenye ncha. Alichomeka, akatanua, akatazama, akanusa, akasogea pima moja, akachomeka tena. Mimi nilichutama upande wa pili nikimshikia kamba isijisokote.

"Mama, ni mpya," Ishengoma alisema. "Imetoka dukani jana."

"Hata ile ilikuwa nzuri jana," alisema bila kuinua kichwa.

Dhirubhai alitazama mawingu, akatazama saa yake, akaketi kwenye ngazi ya lori. Kamba ilikuwa na pima arobaini. Hakuruka hata moja. Mara mbili alinionyesha mahali, akaniuliza hapa rangi imebadilika kwa nini, nami nikamjibu, akaridhika, akaendelea. Wavutaji walikaa wakavuta sigara zao wakazimaliza. Mujuni alisinzia.

Alipofika ncha ya pili alijipangusa mikono kwenye nguo, akanirudishia msumari, kiganja kwa kiganja, hakupitia kwa mtu.

"Sasa ashuke," alisema.